Vitunguu vya Mwisho wa Mwezi

2 Machi

Kwa Fundi Mstaafu wa Kituo cha Uokoaji,

Hunifahamu. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, na tangu wiki iliyopita ni mmiliki wa ile boti nyekundu uliyokuwa ukiitunza kabla kituo chenu hakijafungwa. Niliinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu. Wengi waliofika pale walitaka injini tu. Mmoja alisema waziwazi kwamba kiwiliwili kilichobaki kingemfaa kuwa kibanda cha kuku. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa, kwa jicho lile lile nililokuwa nikiwatazamia wachelewaji.

Anwani yako nimepewa na karani wa zamani wa kituo. Amenionya kwamba simu hupokei na kwamba ulimi wako una makali. Nimezoea watu wa namna hiyo. Nimewahi kuongoza walimu arobaini.

Karani alinieleza kuhusu ule upinde wa chuma ulioko nyuma. Nimeelewa kwamba juu yake umekunjwa mfuko, na boti ikipinduka mtu huvuta kamba, gesi hutoka kwenye mtungi, mfuko hujaa, na boti hujigeuza yenyewe. Bila gesi, boti hubaki miguu juu na watu chini yake. Kisha akanionyesha kadi za ukaguzi, kumi na moja, moja kwa kila mwaka, zimefungwa kwa waya, zote kwa mwandiko wako. Hapo sikuhitaji kuonyeshwa kingine.

Nakuambatishia maswali kumi na moja kuhusu mafuta, kamba, breki na mengineyo. Tafadhali jibu kwa mpangilio.

Mwalimu Mkuu (mstaafu)


7 Machi

Mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilimsomea dada yangu ninayeishi kwake, maana alinisikia nacheka peke yangu akadhani akili imeanza kunitoka.

Maswali yako sijibu. Mtu anayeuliza boti "ina breki upande gani" hajibiwi, anaombewa. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi mzee, na sasa unataka mimi nikufundishe kumkamua. Nyinyi watu wa nchi kavu mkiona rangi nyekundu mnadhani mmenunua ujasiri. Ile boti ilikuwa inaingia baharini wakati watu wenye akili wanatoka. Haikutengenezwa kwa ajili ya mstaafu mwenye kofia ya jua.

Wala usijione uko peke yako. Hata waliolipwa kuiendesha hawakuijua. Nahodha wetu, Mungu amrehemu, alikuwa hajui bolti wala nati. Mwezi wake wa kwanza tu alinisimamia mbele ya wenzangu wote, akauliza, "Fundi, huu mtungi umeupima kweli?" Aniulize mimi! Nikamwambia kama ana hamu ya kupima, akapime vitunguu. Unajua alifanya nini? Mwisho wa mwezi uliofuata kaja karakana na gunia la vitunguu begani, kaomba mizani. Akapima kweli! Na mwezi uliofuata vilevile. Miaka kumi na moja, nahodha mzima, kila mwisho wa mwezi na vitunguu vyake kutoka shambani. Akimaliza ananiachia vitatu juu ya meza yangu, kama kodi ya mizani. Mimi nikimwona anakuja natoka kwenda kunywa chai, nisije nikamcheka usoni. Tulimwita Bwana Vitunguu. Hata siku ya mazishi yake niliisimulia pale getini, watu wakabana midomo.

Kwa hiyo sikiliza ushauri wa bure. Iache boti kwenye tela. Ipandie maua. Yule wa kibanda cha kuku ndiye pekee aliyekuja mnadani na akili zake.

Fundi


12 Machi

Fundi,

Nimepokea matusi yako. Yana makosa mawili ya hoja, lakini sikuajiriwa kuyasahihisha.

Naomba tuelewane. Sikununua rangi. Nilinunua mwandiko wako. Nimezichunguza zile kadi kwa miwani yangu ya kusahihishia. Miezi mia moja thelathini na miwili, na kila mwezi uzito wa mtungi ni ule ule: kilo 4.62. Haukupanda, haukushuka. Nikamwambia mke wangu, tazama uangalifu wa mtu. Huyu anaweza kuwa mkorofi wa mdomo, lakini mkono wake hausemi uongo.

Na sikuinunua kwa mchezo. Dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki, yuko kisiwani ng'ambo ya mkondo. Hawezi tena kutoka kitandani. Wajukuu wangu mapacha wana miaka mitano na hajawahi kuwaona kwa macho, tangu kivuko kiliposimamishwa. Wenye mashua wanakataa kuchukua watoto kwenye mkondo ule, na wana haki kukataa. Mimi nimepata boti ambayo ikipinduka inajigeuza. Jumamosi tarehe 30 nitavuka na mke wangu, binti yangu na mapacha. Jirani yangu aliyestaafu unahodha wa tagi, ile boti ya kuvuta meli, atashika usukani, kwa hiyo kofia yangu ya jua isikukoseshe usingizi.

Kuhusu marehemu nahodha wenu: mtu anayemcheka maiti getini kwake hanifundishi adabu ya bahari.

Mwalimu Mkuu (mstaafu)


16 Machi

Mwalimu,

Sasa umezidi. Mapacha? Wa miaka mitano? Kwenye mkondo ule?

Nilikuwa nakustahi, sasa nakwambia wazi. Injini ile imepasuka kichwa. Ufa uko ndani, huwezi kuuona. Inawaka vizuri nchi kavu, ikifika katikati ya maji inakata roho. Tena mbavu za mpira upande wa kushoto zina viraka vinavyoachia. Kama si ufa zitakuwa mbavu, kama si mbavu utakuwa wewe mwenyewe na huyo nahodha wako wa tagi, ambaye maisha yake yote amevuta meli bandarini kwa kamba kama mchunga punda.

Dada yako mpelekee picha. Siku hizi watu wanaonana kwenye simu. Mimi simu siipendi, lakini wewe msomi utaiweza.

Na uache kunisifia kadi. Kadi ni kadi. Aliyekwambia boti inaelea kwa karatasi ni nani?

Fundi


21 Machi

Fundi,

Baada ya barua yako niliita mafundi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuwaambia kuhusu mwenzake. Injini haina ufa. Viraka unavyovisema havipo. Mpira ule haujawahi hata kutobolewa. Jirani yangu wa tagi amecheka sana kuhusu punda na anakusalimu.

Nilijiuliza kwa nini mtu aandike uongo unaoweza kukaguliwa kwa nusu saa. Nimepata jibu moja tu, nalo ni wivu. Kituo kilifungwa, ukarudishwa nyumbani kwa dada yako, na sasa huwezi kuvumilia kwamba boti itaenda majini bila wewe. Nimeona walimu wa aina yako. Anastaafu, kisha anapita nje ya uzio wa shule akitamani paa lianguke.

Mtungi na kadi zako viko palepale. Sijavigusa na sitavigusa, kwa sababu ndicho kitu pekee ulichofanya kwa heshima. Tarehe 30 inabaki kuwa tarehe 30. Usiniandikie tena.

Mwalimu Mkuu (mstaafu)


28 Machi

Mwalimu,

Nimepiga simu mara tisa kwenye namba iliyo chini ya barua zako. Binti yako alipokea mara moja, nikakata. Barua hii nampa dereva wa basi mkononi. Nimemwambia asiilaze.

Mtungi sikuupima.

Miaka yote kumi na moja sikuupima. Nilipima siku ulipofungwa, ukaja kilo 4.62, nikaandika. Mwezi uliofuata nikaugonga kwa spana kupitia lile tundu la pembeni, nikasikiliza, nikaandika 4.62. Nilikuwa naamini fundi wa kweli hapimi, anasikia. Mizani ni ya wauza duka. Nilifundishwa hivyo na aliyenifundisha, naye alikufa akiwa na sifa zake. Baadaye hata kugonga niliacha. Nilikuwa nakaa mezani na chai yangu najaza kadi ya miezi mitatu kwa mpigo. Hata kifuniko kinachouficha mtungi sikufungua, bolti zake sita ziko mahali pabaya na goti langu halikunji.

Mtungi unavuja polepole, hakuna usiovuja. Namba isiyobadilika mwaka hadi mwaka, fundi yeyote aliye macho angeicheka. Wewe umeipenda. Nilipoisoma barua yako ya tarehe 12 nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za dada yangu mpaka akaniuliza nani amekufa.

Basi nikakutukana, nikidhani utaiacha. Ufa wa injini niliuzua. Ningezua hata papa.

Usiwapeleke wale watoto. Ukivuta ile kamba hakuna kitakachotokea. Nakuomba, na mimi si mtu wa kuomba.

Fundi


1 Aprili

Fundi,

Dereva wa basi alifika Jumamosi saa mbili asubuhi. Boti ilikuwa tayari majini, mapacha wamevaa majaketi yao ya kuokolea, mke wangu ameshika kikapu. Niliisoma nimesimama kwenye gati. Nilipomaliza niliwaashiria washuke. Binti yangu alidhani nimepata habari ya msiba.

Nimefundisha miaka thelathini na minne. Nimewakamata wanaonakili majibu wa kila aina, walioandika kwenye kiganja, kwenye paja, ndani ya soksi. Mtoto akinipa majibu mia moja yaliyofanana nampeleka ofisini. Wewe ulinipa mia moja thelathini na mawili, nami nikakusifia kwa mke wangu. Hilo sitajisamehe. Lako sikusamehe, maana hata kuomba msamaha hujaomba.

Sasa nikuambie kilichofuata. Tulifungua zile bolti sita, mimi na jirani yangu. Zilifunguka kwa mkono, zina grisi. Bolti zisizofunguliwa miaka kumi na moja hazina grisi, hata mimi wa nchi kavu najua. Tukautoa mtungi, tukaupeleka duka la mchele barabarani, tukaupima mara tatu. Kilo 4.55. Kwenye shingo ya mtungi pamechongwa kwamba ukishuka chini ya 4.40 haufai. Unafaa.

Kisha jirani yangu akakigeuza kile kifuniko. Upande wa ndani, ambao mtu hauoni mpaka akitoe kabisa, pameandikwa kwa kalamu nyekundu ya seremala. Tarehe za mwisho wa mwezi, zimebanana kama mchele. 4.62. 4.61. 4.61. 4.59. Zinashuka hivyo, taratibu, mpaka mwaka wa tano, kisha pana mstari huu, naunakili kama ulivyo: "4.41. Unaelekea kubaya. Nimeweka mpya. Fundi asiambiwe." Mbele yake inaanza tena 4.62. Mstari wa mwisho ni wa mwezi kituo kilipofungwa.

Huo si mwandiko wako.

Nilikaa pale dukani na kifuniko mapajani nikaikumbuka barua yako ya kwanza, ile ya kuchekesha. Gunia, mizani, na wewe unatoka kwenda kunywa chai. Nadhani hata wewe sasa umefika nilipofika. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe uliambiwa kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na moja.

Tulivuka Jumapili, mkondo umetulia. Dada yangu aliwashika mapacha vichwa vyao, mmoja kila mkono, na hakuwaachia mpaka chakula kikapoa. Kamba hatukuivuta.

Mwalimu Mkuu (mstaafu)


5 Aprili

Shemeji,

Salamu. Ni mimi fundi niliyefanya kazi na marehemu Nahodha. Nina swali moja dogo, nisamehe kwa kukusumbua. Lile shamba la vitunguu alilokuwa nalo marehemu, lilikuwa wapi? Na bado lipo?

Na kama aliwahi kusema lolote kunihusu, jema au baya, ningependa kulijua.

Fundi


11 Aprili

Fundi,

Usiniite shemeji. Mume wangu hakuwa ndugu yako.

Hatukuwahi kuwa na shamba. Tulikaa ghorofa ya tatu, hata chungu cha maua hakikupata jua. Vitunguu alikuwa ananunua sokoni kila mwisho wa mwezi, asubuhi, akienda kazini. Mwanzoni nilimuuliza, gunia zima sisi wawili tutalimalizaje? Akaniambia ni vya kupimia. Nikadhani anatania. Nilikaanga vitunguu miaka kumi na moja. Nilivigawa ngazi nzima mpaka majirani wakawa wananikwepa.

Nilipokuja kujua sababu nilimwambia akushitaki kwa wakubwa. Akasema, "Nikimshitaki watamfukuza, na kwa injini hakuna kama yeye. Mikono yake mizuri, masikio yake ndiyo yaliyomponza." Nikamwambia basi mwambie mwenyewe, uso kwa uso. Akasema, "Nilijaribu mara moja. Akiona mtu anapima nyuma yake ataacha hata yale anayofanya vizuri. Mwache acheke. Kucheka hakuzamishi mtu." Hayo ndiyo aliyosema, jema na baya yako humo humo, chagua mwenyewe.

Hivyo vitatu alivyokuwa anakuachia mezani vilikuwa vizuri kuliko vyote gunia zima. Alikuwa anavichagua hapa jikoni, anavifuta vumbi kwa shati lake. Alisema labda siku moja utauliza vinatoka wapi. Hukuuliza. Umeuliza leo, kwa barua, kwa mjane.

Siku ya mazishi nilikuwa nyuma yako pale getini. Nilikusikia neno kwa neno, mpaka ulivyoiga mwendo wake na gunia begani. Nilinyamaza kwa sababu yeye alinyamaza. Deni lake la kunyamaza nimelimaliza, na barua hii usiijibu.

Mke wa Nahodha


15 Aprili

Mwalimu,

Nakuambatishia majibu ya maswali yako kumi na moja. Nimeyapanga kama ulivyotaka. La nne lilikuwa swali la kipumbavu lakini nimelijibu. Boti haina breki upande wowote, iliyo na breki ni tela.

Vile vitunguu nilikuwa nakula, Mwalimu. Nilikuwa navikatia kwenye mayai asubuhi inayofuata, huku nawasimulia wenzangu habari za mpumbavu aliyenipa. Kila nikikumbuka hilo natamani nijitemee mate. Maisha yangu yote nimedharau watu, na leo nimekaa nikijiuliza kama kuna hata mmoja niliyemwangalia vizuri kwanza. Simpati. Dada yangu ameniambia nianze na yeye, kwa kuosha vyombo.

Tarehe 30 nitakuja kwako na basi la asubuhi. Nakuja na mizani yangu, nimeifuta kutu. Kile kifuniko usikipake rangi, usikisugue, usimruhusu mtu akiguse. Nina kalamu nyekundu ya seremala, nimeinunua jana. Nitaandika chini ya mstari wake wa mwisho.

Nikishaupima nitatoka kwenda kunywa chai. Wewe baki pale, upime nyuma yangu. Vitunguu usinunue.

Fundi